Mwongozo kamili: mpikie mzee dagaa wa mawese, sombe na ugali laini mpaka sahani irudi tupu

Swali ni lilelile linarudi kila mara: kwa nini mzee hamalizi chakula? Watu wanampikia mama au babu sombe (majani ya muhogo ya kutwanga) na dagaa, wanafuata maelekezo vizuri tu, afu mzee anakula matonge mawili, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Hajashiba. Ukichunguza utakuta dagaa wanamkwaruza fizi, au ugali unamganda kooni, au chakula hakina ladha kabisa kwa sababu mtu kasikia habari ya presha akaondoa chumvi na hakuweka chochote badala yake.

Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mwanzo mpaka mwisho, pishi moja tu la nyumbani la huku Kigoma, kila hatua na sababu yake, tahadhari yake, na dalili ya kwamba umepatia. Wengi wanaamini chakula cha mzee ni cha kupooza na kupunguza, kinabaki uji mweupe na chai. Mimi nakataa. Mzee anahitaji chakula kilaini zaidi, chenye protini zaidi na chenye harufu inayoita zaidi ya kile unachokula wewe, maana mwili ukishazeeka misuli inapungua haraka, na ulimi na pua havishiki ladha kama zamani.

## Mahitaji (mzee mmoja na wa kula naye mmoja)

- Dagaa wakavu wa Kigoma konzi mbili kubwa, kama gramu 60
- Majani machanga ya muhogo fungu moja kubwa, au sombe iliyotwangwa tayari vikombe viwili
- Karanga nusu kikombe, zilizochambuliwa
- Mawese mekundu vijiko viwili vya chakula
- Nyanya zilizoiva tatu, kitunguu maji kimoja, kitunguu saumu punje tatu, tangawizi kipande cha kidole
- Ndimu au limao moja, na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka
- Unga wa dona au ulezi kikombe kimoja, unga wa muhogo nusu kikombe
- Chumvi yenye madini joto, nusu kijiko cha chai kwa mapishi YOTE
- Kinu na mchi, sufuria tatu, mwiko, bakuli la kulowekea, na kiti chenye egemeo

Hiyo chumvi usiipitie haraka. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai kimoja, na hapo inahesabiwa kila chumvi, ya kwenye mkate, ya kwenye supu, ya kwenye dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Kwa hiyo pima kwa kijiko, weka kwenye kisosi pembeni, ikiisha imeisha. Ukitia kwa vidole unajidanganya. Na vile vidonge vya kuungia mchuzi viache kabisa kwenye pishi hili, ni chumvi tupu kwa sehemu kubwa.

## Kabla hujawasha jiko

Muulize mzee, au aliyekwenda naye hospitali, mambo matatu. Figo zikoje, maana mgonjwa wa figo hesabu yake ya protini na ya mboga ni tofauti na lazima daktari aseme. Sukari ipo au haipo. Na je anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda ya aina ya warfarin? Mboga za kijani zina vitamini K ambayo inavutana na hiyo dawa. Hakatazwi mboga, ila ale kiasi kilekile kila siku, sio wiki nzima hakuna afu Jumapili anapewa bakuli zima la sombe.

Na kama anakohoa kila anapokula, au sauti inakuwa kama ina maji baada ya kumeza, simamisha haya mapishi umpeleke akaangaliwe kwanza. Hapo huenda chakula kinaelekea kwenye njia ya hewa.

## Hatua ya 1: Kununua, na hapa ndo wengi wanaharibu

Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa hawavutiki kwenye taa na wavuvi wengi wanapumzika. Siku za giza ndo ziwa linatoa. Ukitaka dagaa wazuri kwa bei nzuri nenda mwalo wa Kibirizi au Katonga siku chache baada ya giza kuanza, waliokauka jana na juzi ndo hao. Ukienda siku za mbalamwezi utauziwa waliolala stoo.

Uliza walikaushwa wapi. Waliokaushwa juu ya chanja hawana mchanga, hewa imepita juu na chini. Wa kwenye mchanga unaweza kuwaosha mara nne na bado meno ya mzee yakasikia.

Sasa jinsi ya kumpima. Chukua dagaa mmoja, mkunje katikati. Akiwa mkavu sawasawa anakatika na unasikia sauti, akipinda bila kukatika ana unyevu na ukungu uko njiani. Angalia tumbo, liwe la fedha linang'aa, likiwa limegeuka manjano au kahawia mafuta yake yameshachacha. Msugue kidogo kati ya vidole afu nusa: harufu iwe ya samaki mkavu, sio ile kali ya mafuta ya zamani inayopanda puani. Mwisho muonje mmoja ulimini kama ana chumvi, akiwa nayo utaloweka muda mrefu zaidi na ile nusu kijiko yako unaipunguza.

Ukiwapata wazuri nunua wa kutosha mwezi mmoja au miwili, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Ziwa linaweza kufungwa, mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, na nyumba ambazo hazikuwa na akiba zilisikia.

Karanga nazo zichambue moja moja mezani penye mwanga. Iliyosinyaa, yenye doa jeusi, yenye ukungu au chungu ikionjwa, tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haifi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na sio hadithi, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa nafaka yenye hiyo sumu. Hii kazi ya kuchambua mpe mzee mwenyewe kama macho yanaruhusu, wengi wanaipenda, na mtu akishashika chakula kwa mikono yake hamu inaanza mapema.

## Hatua ya 2: Kuandaa dagaa

Toa vichwa na yale matumbo meusi. Kichwa ni kigumu na tumbo lina uchungu. Mgongo USITOE, mfupa ule ndo wenye kalisi ya kulinda mifupa ya mzee, na tutaulainisha.

Loweka kwenye maji ya moto, sio ya kuchemka, dakika 10. Wakiwa wa chumvi dakika 20 na ubadilishe maji mara moja. Osha kwa kuwainua kwa mikono kutoka kwenye maji, usimwage maji na dagaa pamoja maana mchanga umekaa chini na utarudi wote juu yao.

Umepatia kama maji ya mwisho ni meupe na ukipitisha vidole chini ya bakuli husikii punje hata moja.

## Hatua ya 3: Sombe, kutwanga na kuchemsha

Majani ya muhogo yana sumu ya asili ya sianidi. Hakuna haja ya kuogopa, mababu wamekula na sisi tunakula, ila lazima ufanye kwa mpangilio wake.

Chuma majani machanga ya juu tu, yale ya rangi hafifu. Toa vijiti vyote. Kijiti kimoja kilichobaki hata ukipika masaa mawili kitabaki uzi, na ni uzi huo unaomfanya mzee ateme.

Twanga majani yakiwa MABICHI. Kuna watu wanaanza kuyachemsha ndo watwange au wasage kwa sababu ni rahisi, hapana. Kutwanga kubichi kunapasua jani na kuruhusu kimeng'enya chake kiifungue ile sumu, afu joto linaifukuza. Ukianza na kuchemsha unakiua kimeng'enya na sumu nyingine inabaki imefungwa ndani. Twanga mpaka iwe laini kabisa, ukiisugua kwenye kiganja usione umbo la jani. Ukishatwanga iache robo saa kwenye kinu ifanye kazi.

Kama unanunua iliyotwangwa pale soko la Mwanga au mtaani ni sawa, ila irudie kinuni dakika tano, ya kuuza huwa wanatwanga juu juu.

Iweke kwenye sufuria na maji mengi, chemsha bila mfuniko, sehemu yenye hewa. Sianidi inapaa kwa joto dogo tu la nyuzi 26, kwa hiyo maji yakichemka inaondoka na mvuke, sasa ukifunika unairudisha ndani. Acha ichemke saa nzima, ongeza maji yakipungua.

Usitie magadi ili ilainike haraka. Magadi ni sodiamu ileile tunayoikimbia kwenye chumvi na yanaharibu baadhi ya vitamini B. Ulaini unatoka kinuni na kwenye muda, basi.

Dalili ya kupatia: harufu ya ubichi imekata, rangi imegeuka kijani cha kukolea, na ukiweka kidogo kati ya ulimi na kaakaa, bila kutumia meno, inasagika. Hicho ndo kipimo cha kutumia kwa kila kitu cha mzee, ulimi na kaakaa tu.

## Hatua ya 4: Karanga ndani ya sombe

Zikaange karanga kidogo, menya, twanga mpaka ziwe unga laini unaoanza kutoa mafuta. Kusiwe na punje wala nusu punje, punje ya karanga ni ya hatari kwa mtu mwenye shida ya kumeza.

Koroga unga huo na maji ya uvuguvugu upate uji mzito, mimina kwenye sombe maji yakiwa yamepungua, tia kijiko kimoja cha mawese na nusu ya chumvi yako. Punguza moto na usiondoke hapo, karanga inashika chini upesi na ikiungua harufu inaingia sufuria nzima, hakuna cha kuokoa. Dakika 15 mpaka 20.

Umepatia ukiona vijicho vidogo vya mafuta mekundu vinaelea pembeni ya sufuria.

## Hatua ya 5: Dagaa kwenye mawese

Hapa kuna tabia moja naomba iishe. Watu wanayaweka mawese motoni wanayaacha mpaka yanatoa moshi na kugeuka meupe, eti yapungue harufu. Ule wekundu ndo mali yenyewe, ndo inayogeuka vitamini A mwilini kwa ajili ya macho na ngozi na kinga. Ukiyachoma mpaka yameupuka umebaki na mafuta matupu. Na kwa upande wa mafuta mawese sio mepesi, karibu nusu yake ni yale yanayoganda, kwa hiyo kijiko kimoja hapa na kile cha kwenye sombe inatosha, usiongeze hata kama mkono unawasha.

Moto wa wastani. Mawese yakishayeyuka na kupata joto tia kitunguu, kikilainika tia saumu na tangawizi iliyosagwa. Hizi mbili zisiogopwe, ndo zinazobeba kazi tuliyoinyang'anya chumvi. Tia nyanya zilizomenywa, funika, acha zivunjike kabisa. Ganda la nyanya nalo linanata kooni ndo maana tumemenya.

Sasa dagaa waingie. Usiwakaange. Najua dagaa wa kukaanga ni watamu mno na ndo sifa ya Kigoma, ila kwa mwenye fizi tupu ni mateso. Tia maji kikombe kimoja, chumvi iliyobaki, dumbukiza pilipili mbuzi nzima ikiwa na kikonyo chake, funika, moto mdogo dakika 25. Pilipili isipopasuka inatoa harufu tu, ukali unabaki ndani. Itoe kabla ya kupakua, na uhakikishe UMEITOA.

Kipimo: mchukue dagaa mmoja, minya kwa kidole gumba na cha shahada. Mgongo ukisagika bila kuchoma wako tayari. Ukisikia kitu kinachoma ongeza maji ya moto nusu kikombe, dakika 10 tena, rudia kipimo.

Epua, ndo ukamulie ndimu. Ndimu inaamsha ulimi na mtu hasikii chumvi imepungua, na ile vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye sombe. Ukiitia mapema ikachemka faida inapungua. Na chai isifuate papo hapo baada ya chakula, iachie kama saa moja, chai inazuia hayo madini yasiingie.

## Hatua ya 6: Ugali laini

Ugali wa muhogo mtupu unavutika na kunata, kwa kijana ni raha, kwa mzee ni kitu cha kumkaba. Tunauchanganya.

Chemsha maji vikombe vinne. Koroga dona au ulezi na maji baridi kidogo, mimina, ipike kama uji dakika 10 kamili. Wengi wanapitisha hapa kwa haraka ndo maana mzee analalamika tumbo linajaa gesi, unga wa mahindi unataka muda. Dona pia ina nyuzi za kusaidia choo, ambacho kwa wazee wengi ni kilio cha kila siku na hawasemi.

Ndo sasa unga wa muhogo unaingia kidogo kidogo huku unasonga, dakika tano. Hakikisha muhogo wenyewe kama ni ule mchungu ulivundikwa na kukaushwa vizuri, ukiwa na uchungu mdomoni usipike.

Umepatia kama ukichota kwa kijiko unakatika bila kuvuta uzi, na ukiuacha kwenye sahani unatulia, hautiririki na hausimami.

## Hatua ya 7: Kupakua na kukaa naye

Hii sio nyongeza, ni sehemu ya mapishi.

Mpakulie sahani yake. Kwenye sinia la pamoja mzee anapunjwa bila mtu yeyote kukusudia, yeye anatafuna taratibu, vijana na watoto wanamaliza dagaa wote, na kwa ustaarabu wake hawezi kusema, ananawa tu mikono. Mwekee sahani yake palepale penye sinia, msimtenge chumbani. Na ukae ule naye. Mzee anayekula peke yake anakula kidogo, hilo kila nyumba yenye mzee inajua.

Muda mzuri ni mchana, saa saba hivi, hamu iko juu na mwili una nafasi ya kusaga kabla ya kulala. Usimjazie. Sahani ndogo, akimaliza unaongeza, sahani iliyojaa inamkatisha tamaa kabla hajaanza.

Asafishe mdomo kwanza, hata kwa maji tu, kama ana meno ya bandia yawe yameoshwa na yamekaa sawa. Akae wima kwenye kiti, miguu ifike chini, kidevu kielekee kifuani kidogo anapomeza. Tonge dogo, ameze, ndo lingine. Akimaliza abaki amekaa nusu saa, asipelekwe kitandani moja kwa moja.

Maji ampe mtu, asisubiriwe aombe. Kiu ya mzee inachelewa, mwili unaweza kuwa umekauka na yeye hasikii kitu.

Mkaribishe kwa heshima yake. "Mama, karibu chakula, onja uniambie kama ndimu imetosha" ni tofauti kabisa na "haya kula, daktari kasema ule". Akisema imepungua kitu msikilize, yeye kaipika sombe kabla hujazaliwa.

## Protini ya siku nzima

Mzee mwenye figo nzima anahitaji gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 55 ni kama gramu 55 mpaka 66. Fungu lake la dagaa hawa ni kama gramu 15, karanga na ugali vinaongeza kidogo. Yai moja ni kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Kwa hiyo sahani hii ya mchana peke yake haitoshi, asubuhi apate mayai mawili na uji wa ulezi wenye karanga au maziwa, jioni maharage ya kupondwa au samaki. Igawanye siku nzima, misuli inaitumia vizuri zaidi kuliko kuilimbikiza kwenye mlo mmoja.

## Msimu ukibadilika unabadilisha nini

Mvua zikianza, Oktoba au Novemba, mpaka Aprili hivi, mboga laini zinajaa: lengalenga, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde. Acha kutwanga, sombe ipumzike. Katakata mboga nyembamba, dakika tano mpaka nane motoni na karanga zilezile. Dagaa wakavu kipindi hiki chunguza mara mbili, jua ni la kuvizia na wanakauka vibaya. Ukipata mgebuka mbichi, samaki wa ziwa letu, ni bora zaidi, mchemshe na ndimu, afu kaa chini uchambue nyama kwa vidole vyako, mwiba mmoja mmoja, ndo upeleke mezani. Usimwachie mzee mwiba eti amezoea, macho na vidole sio vilevile.

Uyoga nao unatoka na mvua na ni mtamu kuliko nyama, ila nunua kwa mtu anayeujua, na kama nyumba nzima hakuna anayeutambua basi acheni. Kuchemsha hakuondoi sumu ya uyoga mbaya.

Embe za mwisho wa mwaka, mpe kama tunda baada ya mlo, vipande laini. Mwenye sukari nusu embe inatosha, na asinywe juisi yake, juisi inapandisha haraka. Mahindi mabichi yakifika usimpe gunzi, kwangua punje, twanga, chuja, pika uji, utaona anavyokumbuka shamba na kuanza stori.

Kiangazi, Juni mpaka Septemba, mboga za bustani zinapungua na bei inapanda, ndo sombe inarudi maana muhogo unavumilia ukame. Maharage mapya kutoka Kasulu na Buhigwe yapo, loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, chemsha mpaka yapasuke, ponda. Ukiwa na mtu anakuja na treni kutoka Tabora mwagize matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za huko. Matobolwa yaloweke, yapike mpaka yalainike kabisa, yaponde na karanga, ni mlo mzuri wa asubuhi. Asali ya Tabora ni nzuri ila kwa mwenye sukari ni sukari tu, isikudanganye kwamba ya asili haihesabiwi.

## Kiporo

Kama hakuna friji pika kinachoisha. Chakula kilichokaa zaidi ya masaa mawili kwenye joto la huku usimpe mzee bila kukichemsha upya mpaka kitokote, na kama kina dagaa kikilala nje usiku kucha mimi namwaga. Inauma, ila kuharisha kwa siku moja kunamkausha mzee mpaka anaangukia chooni.

## Utajuaje kwa mwezi mzima kwamba inafanya kazi

Mpime uzito kila mwezi, mzani wa zahanati uleule, nguo nyepesi, andika kwenye daftari. Akipungua asilimia 5 ndani ya miezi sita, yaani kilo 3 kwa mwenye 60, na hakukusudia kupungua, hapo sio suala la mapishi tena, mpeleke hospitali, nyingi za serikali zina dirisha la wazee. Dalili nyingine ni kanga au mkanda unaozidi kulegea, na kushindwa kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu wakati zamani aliweza.

## Kama hana jino hata moja

Swali hili linakuja sana kwa hiyo nalijibu hapa. Usichanganye kila kitu ukasaga pamoja ukapata rojo la kahawia, hakuna mtu mzima anayetamani kile. Watwange dagaa waliokwisha iva peke yao na mchuzi wao, sombe ibaki peke yake kwa sababu tayari ni laini, ugali uongezewe maji nusu kikombe. Viweke pembenipembeni kwenye sahani, chekundu, kijani na ugali wake, achague mwenyewe aanze na kipi.